MAISHA YA BIBI TITI MOHAMED: MFANO WA KUJITOLEA KATIKA KAZI ZA CHAMA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya utangulizi huo, ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa wasifu tumezoea kuwaletea maisha ya maswahaba na wanazuoni. Safari hii tumechagua mtu wa karibu zaidi, ambaye baadhi ya bibi na babu zetu walimwona kwa macho yao: marehemu Bibi Titi Mohamed, Allah amrehemu. Wanafunzi wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya barabara iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wanapanda na kushuka daladala katika barabara hiyo, lakini ukiwauliza mwenye jina alifanya nini, wachache watakujibu.

Tumemchagua kwa sababu nyingine pia. Wazazi na vijana wamekuwa wakituuliza mara kwa mara: je, inafaa kijana wa Kiislamu kujiingiza katika kazi za chama cha siasa mtaani kwake, kuandikisha wanachama, kupanga viti vya mkutano, kugonga milango ya watu, tena bila mshahara? Hatutaki kujibu kwa maneno matupu. Tutayatazama maisha ya mtu aliyeifanya kazi hiyo, tuone faida yake na gharama yake.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Wazazi wake walikuwa Waislamu, wenye asili ya upande wa kusini mwa mji, Rufiji na sehemu za jirani. Kama watoto wengi wa mji wakati huo, alianza masomo yake chuoni akasoma Qur'an. Baadaye alipata miaka michache ya shule ya msingi. Hakufika mbali katika elimu ya shule. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kwa desturi ya watu wa mwambao, na akaozwa akiwa binti mdogo wa miaka 14 hivi kwa mume aliyemzidi sana umri. Alijaaliwa kupata mtoto mmoja wa kike.

Katika ujana wake alijulikana kwa jambo moja: sauti. Alikuwa akisoma maulidi, na alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha wanawake kilichoitwa Bomba. Hapa lazima tuwaeleze vijana wetu maana wengi hawakuikuta hali hiyo. Vikundi vya lelemama na ngoma nyingine za wanawake wa Dar es Salaam havikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi, wanachama, michango na utaratibu wa kusaidiana kwenye harusi na misiba. Mwanamke ambaye hakuwa na nafasi serikalini, sokoni wala shuleni, huko alikuwa na cheo na neno lake lilisikilizwa. Sisi walimu tunayo maoni yetu juu ya ngoma, na hayo tunayafundisha darasani. Lakini ni haki kusema kwamba ndani ya vikundi vile akina mama walijifunza kuongoza watu, kuweka hesabu na kutunza ahadi. Allah humwandaa mja wake kwa njia asizozitarajia.

HALI YA NCHI WAKATI HUO

Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Julai 1954 kilizaliwa chama cha TANU mjini Dar es Salaam, kutokana na chama cha zamani cha TAA, na Mwalimu Julius Nyerere akawa rais wake. Katika waasisi na wafadhili wa mwanzo walikuwamo Waislamu wengi wa mji, wakiwamo ndugu Abdulwahid na Ally Sykes na Dossa Aziz.

Chama kipya kilikabiliwa na tatizo kubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake Waafrika kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Na wakati ule karibu kila aliyesoma alikuwa ameajiriwa na serikali. Kwa hiyo makarani, walimu na waganga waliokipenda chama walikipenda kwa siri. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi aache kazi ya ualimu katika shule ya Pugu mwaka 1955 ili aendelee na uongozi wa TANU.

Basi nani angefanya kazi ya wazi? Nani angeuza kadi barabarani, mchana, mbele ya askari? Kazi hiyo iliwaangukia watu ambao serikali haikuwa na mshahara wa kuwanyang'anya: madereva, wafanyabiashara ndogo ndogo, wakulima, wazee wa mji, na akina mama wa nyumbani. Wale ambao wakoloni waliwaona hawana elimu ndio waliokibeba chama mabegani. Hili ni jambo la kuzingatia sana, ndugu msomaji.

NAMNA ALIVYOINGIA KATIKA CHAMA

Bibi Titi aliingia TANU mapema. Wakati huo alikuwa mke wa Bwana Boi Selemani. Mzee Schneider Abdillah Plantan, mmoja wa wanaharakati wakubwa wa mji, ndiye aliyewafikishia habari za chama, na wote wawili wakachukua kadi. Kadi ya Bibi Titi ilikuwa namba 16.

Mwaka 1955 alikuja Tanganyika Bwana John Hatch, afisa wa chama cha Labour cha Uingereza. Alipokutana na viongozi wa TANU aliona wanaume watupu, akauliza wanawake wa chama wako wapi. Swali lile liliwatia viongozi aibu, kwani sehemu ya wanawake ilikuwa katika maandishi tu. Wake za viongozi wengi walikuwa ndani, na waume zao hawakuwa tayari kuwatoa hadharani. Ndipo Mzee Plantan akamkumbuka Bibi Titi. Hakumwita barabarani, bali alikwenda kwa mumewe, akazungumza naye kwa heshima akaomba ruhusa. Bwana Boi akaridhia. Tazameni adabu ya wazee wetu: kazi ya chama ilianza kwa kubisha hodi mlangoni.

Bibi Titi alikubali, ingawa hajawahi kusimama mbele ya mkutano wa siasa hata siku moja. Pamoja naye katika kazi ile ya mwanzo alikuwamo Bibi Tatu binti Mzee, naye tunamwombea rehema.

KAZI YENYEWE

Hapa ndipo penye somo. Watu wengi wakisikia siasa hufikiria jukwaa na vipaza sauti. Bibi Titi hakuanzia jukwaani. Alianza kwa miguu.

Alijua kwamba akienda kwa mwanamke mmoja mmoja itamchukua miaka. Kwa hiyo aliwaendea viongozi wa vikundi vya wanawake, mmoja baada ya mwingine. Kila kiongozi alikuwa na watu wake wanaomwamini. Aliwaeleza kwa Kiswahili chepesi chama ni nini, kadi ni ya nini, na kwa nini nchi hii ijitawale. Kiongozi akikubali, huwaita watu wake, na habari hutembea kutoka nyumba hadi nyumba, kisimani, sokoni, kwenye harusi na matanga. Mpashaji habari alikuwa shoga, jirani au somo, si mgeni asiyejulikana.

Mwezi Julai 1955 ulifanyika mkutano wa wanawake katika ukumbi wa Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja. Wanawake wapatao 400 walijiunga na TANU. Bibi Titi akawa kiongozi wa sehemu ya wanawake. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo, yaani miezi mitatu tu baadaye, wanawake waliokwisha kuandikishwa walifikia 5,000. Nambari hiyo iliwashangaza hata viongozi wenyewe.

Tujiulize: zilipatikana vipi nambari hizo bila gari, bila simu, bila redio? Zilipatikana kwa sababu kila aliyejiunga alipewa kazi. Yuko aliyeuza kadi, aliyekusanya senti za ada, aliyepika chakula cha wageni, aliyelaza wajumbe nyumbani kwake, na aliyepeleka ujumbe kwa siri kwa sababu askari hawakuwa wakimshuku mwanamke aliyejitanda kanga na kubeba kikapu. Watumishi wa serikali waliokatazwa siasa nao walikuwa na wake, mama na dada. Mume akinyamaza ofisini, mke alikuwa na kadi nyumbani.

Na hakuna aliyelipwa. Senti zilizokusanywa zilikuwa za chama. Maskini anapotoa senti yake ya mwisho mkononi mwako, hiyo ni amana kubwa kuliko hazina ya tajiri. Laiti wakusanyaji wale wangekula fedha zile, chama kingekufa kabla hakijatimiza mwaka.

SAFARI ZA MAJIMBONI

Kutoka Dar es Salaam, Bibi Titi alianza kusafiri majimboni, mara nyingine pamoja na Mwalimu Nyerere. Barabara zilikuwa mbovu na malazi yalikuwa ya kubahatisha. Alipofika mahali alizungumza na wanawake hasa, akiwaambia kuwa uhuru si jambo la wanaume peke yao, kwa kuwa wao ndio mama wa wote. Sauti iliyozoea kuongoza uimbaji sasa iliongoza mikutano. Wakati ule mwanamke Mwislamu kusafiri na kuhutubia maelfu ya watu lilikuwa jambo geni, na maneno ya watu hayakukosekana. Aliyavumilia.

Jambo jingine lililomsaidia ni lugha. Wanawake wa TANU walitoka makabila mengi, lakini waliimba na kuzungumza Kiswahili. Mtafiti wa Kimarekani, Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao miaka mingi baadaye na kuandika kitabu juu yao mwaka 1997, alionyesha kwamba umoja wa taifa haukuletwa na wasomi peke yao. Akina mama hao walikuwa wameanza kuuishi katika vikundi vyao kabla ya chama kuzaliwa.

Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa baraza la kutunga sheria. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Bibi Titi akawa mbunge, akashika nafasi ya waziri mdogo, na mwaka 1962 ilipoundwa UWT, yaani Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yeye akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

MITIHANI BAADA YA UHURU

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini wasifu unaoficha nusu ya maisha haumfundishi mtu. Mwaka 1965 Bibi Titi aligombea ubunge Rufiji akashindwa. Mtu aliyewaandikisha maelfu ya watu alinyimwa kura na watu wa upande wa asili yake. Ndivyo siasa zilivyo.

Mwezi Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Miongoni mwa masharti yake, kiongozi hakutakiwa kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na hakukubaliana na sharti hilo. Alijiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Wako waliomlaumu kwamba alipenda mali, na wako waliosema mjane au mwanamke asiye na pensheni hana kinga nyingine uzeeni isipokuwa nyumba. Sisi hatutaamua baina yao. Tunachokiona ni kwamba hakuandika nyumba zake kwa majina ya ndugu ili abaki na cheo. Alitofautiana na wenzake waziwazi akaondoka.

Mtihani mkubwa zaidi ulifika Oktoba 1969. Alikamatwa pamoja na wengine wakashitakiwa kwa kosa la uhaini, kwamba walipanga kuipindua serikali. Alikana mashitaka hayo. Kesi ilisikilizwa kuanzia mwaka 1970, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwanamke aliyezunguka nchi nzima kuwaambia watu wajitawale, akafungwa na serikali aliyosaidia kuizaa. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais Nyerere.

Alipotoka hakuwa na cheo, na wengi waliomzunguka zamani hawakuwa karibu naye tena. Aliishi kimya kwa miaka mingi. Hakuanzisha magomvi, wala hakuwataka watu walipize kisasi kwa ajili yake. Polepole nchi ilianza kumkumbuka, na jina lake likarudi midomoni mwa watu pamoja na mashujaa wengine wa uhuru.

Alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika ya Kusini, alikokuwa akitibiwa. Ilikuwa mwaka mmoja na siku chache tu baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu msomaji, sasa turudi kwenye swali la wazazi na vijana wetu. Katika maisha haya sisi tunayaona mambo yafuatayo:

1. Kushughulikia mambo ya jamii si jambo geni katika dini yetu. Katika Bai'a ya pili ya Aqaba, pamoja na wanaume wa Madina, walikuwapo wanawake wawili, Nusayba bint Kaab na Asmaa bint Amr, Allah awaridhie. Nabii Yusuf (A.S.) alijitolea kusimamia hazina ya nchi alipoona njaa inakuja, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mjuzi. Mtu asikimbie kazi ya watu kwa kisingizio cha uchamungu.

2. Nia ndiyo inayoipa kazi thamani. Anayejitolea katika chama kwa kutazamia cheo, fulana au bahasha, atavunjika moyo siku ya kwanza asipopewa. Anayefanya kwa ajili ya Allah na manufaa ya jirani zake hapotezi kitu, hata watu wakimsahau.

3. Kazi ya mashina ni kazi ya amana. Daftari la wanachama, fedha za ada na siri za watu ni amana. Kijana asiyeweza kurudisha chenji ya dukani kwa mama yake asikimbilie kuwa mweka hazina wa tawi.

4. Anza na watu unaowajua. Bibi Titi aliwaendea waliomwamini tayari, naye aliwapitia kwa viongozi wao. Kama majirani hawakuamini katika jambo la maji au taka za mtaani, hawatakuamini katika siasa.

5. Adabu haizuii kazi. Mzee Plantan alibisha hodi, mume aliombwa ruhusa, wanawake walizungumza na wanawake wenzao, na bado kazi ilikwenda mbio. Mabinti zetu wasidhani kwamba hijabu na haya ni ukuta. Wala akina baba wasidhani kwamba heshima ya mke ni kunyamaza kwake.

6. Chama si dini. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi. Ndani ya msikiti mmoja, hata ndani ya nyumba moja, watakuwamo watu wa vyama mbalimbali. Madrasa hii haina chama na haimpangii mtu chama. Lakini tunamkataza mwanafunzi wetu kumtukana mwenzake, kukata salamu au kuacha kuhudhuria maziko ya jirani kwa sababu ya rangi ya bendera. Chama kinaweza kukupandisha leo na kukufunga kesho, kama tulivyoona. Ndugu yako Mwislamu na jirani yako ndio watakaokubeba kwenye jeneza.

7. Subira baada ya kuangushwa. Ni rahisi kuwa mwema wakati watu wanapiga vigelegele. Bibi Titi alipoteza cheo, uhuru wake na marafiki, na bado hakuichukia nchi yake. Huo ndio mtihani ambao wengi wetu tungeshindwa.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili: mwenye masomo amalize masomo yake kwanza, na aliye chini ya umri wa kupiga kura asitumiwe na mtu yeyote katika maandamano wala ugomvi. Lakini kijana aliyebaleghe, mwenye akili na mwaminifu, akitaka kujitolea mtaani kwake kwa njia ya halali, wazazi msimvunje moyo. Muulizeni maswali matatu: unafanya kwa ajili ya nani, fedha zinatunzwa na nani, na swala unaswali wapi mkutano unapoendelea? Akijibu vizuri, muombeeni dua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kazi ya kuuza kadi za TANU iliwaangukia watu wasioajiriwa na serikali?
2. Eleza namna Bibi Titi alivyowafikia wanawake wengi kwa muda mfupi.
3. Kwa nini alijiuzulu katika Kamati Kuu mwaka 1967? Jadili na wazazi wako nyumbani.
4. Muulize bibi, babu au mzee wa mtaani kwako anakumbuka nini kuhusu siku za kudai uhuru. Andika ukurasa mmoja ulete darasani.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) amsamehe Bibi Titi Mohamed makosa yake, amkubalie mema yake, na awarehemu akina mama wote waliojitolea pamoja naye ambao majina yao hayakuandikwa katika barabara yoyote. Atujaalie sisi na watoto wetu kuwa waaminifu katika kila amana tutakayopewa, ndogo kwa kubwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.